Ncha: ya tao, ya gego, ya vali ya moyo, ya mwezi na ya mwanga ndani ya kikombe

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaopenda maumbo, na nitaanza na umbo moja tu: mahali ambapo mistari miwili iliyopinda inakutana na kuchongoka badala ya kuendelea kwa ulaini. Waashi wanalo kwenye matao. Matabibu wa meno wanalo kwenye magego, wenzao wa moyo wanalo kwenye vali. Wanafalaki wanalo kwenye mwezi mwandamo, na sisi wa hisabati tunalo kila tunapopindua jiwe. Swali langu ni je, ncha hizi zina undugu wowote, au zimefanana sura tu?

Nianze na upande ninaoufahamu. Chora y² = x³ kwenye karatasi ya grafu. Utapata tawi moja linalopita (1,1) na (4,8), na jingine linalopita (1,-1) na (4,-8), yote mawili yakikutana kwenye sifuri. Fuatisha mstari huo kwa kidole kutoka chini: kidole kinafika sifuri, kinasimama, kisha kinarudi upande uleule kilikotoka, safari hii kwa juu. Hakuna kona pale kama kona ya meza, maana matawi yote mawili yanafika yakiwa yamelala kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo ncha halisi kwa mwanahisabati.

Umbo hilohilo linachorwa na baiskeli. Paka chokaa nukta moja kwenye ukingo wa tairi, kisha mtu aendeshe polepole mbele yako. Nukta inapanda, inapita juu ya gurudumu, inashuka, inagusa ardhi, inapanda tena. Pale inapogusa ardhi mwendo wake ni sifuri kabisa, ingawa baiskeli haijasimama. Christopher Wren alionyesha mwaka 1658 kwamba upinde mmoja wa njia hiyo una urefu wa mara nne ya kipenyo cha gurudumu. Kwa gurudumu la sentimita 70, nukta inasafiri sentimita 280 wakati baiskeli imesogea sentimita 220 tu.

Ncha ya tatu ipo nyumbani kwako. Weka kikombe cha chai ya maziwa juani asubuhi au alasiri, jua likiwa limeinama. Mwanga unagonga ukuta wa ndani wa kikombe, unarudi, na juu ya chai unatokea mstari mkali wenye matawi mawili yanayokutana kwa ncha, inayoelekea katikati ya kikombe. Ncha hiyo iko nusu ya njia kati ya ukuta na kitovu. Hakuna aliyeichora. Miale inayorudi inabanana pale kuliko mahali pengine popote, ndiyo maana panang'aa zaidi.

Dhana yangu, naiweka mezani ipigwe: ncha ni mahali ambapo jambo fulani linajikusanya, iwe nguvu, mwanga au mwendo. Karibuni.

Mwashi wa Pwani

Mkuu, nakubaliana nawe nusu.

Tao lenye ncha lina sababu ya kiufundi. Tao la nusu duara linasukuma kuta zake nje kwa nguvu kubwa. Ukilinyanyua likawa refu na kuchongoka kwa upana uleule, msukumo wa pembeni unapungua na uzito unashuka chini zaidi kuliko kwenda kando. Faida nyingine, ambayo kwa fundi ni kubwa kuliko hiyo, ni kwamba unaweza kujenga matao ya upana tofauti yakafika kimo kimoja. Nusu duara haikupi uhuru huo, kwa sababu upana ukishaujua, kimo nacho umeshapangiwa.

Watu wengi wanahesabu habari hii kuanzia Ufaransa, kanisa la Saint-Denis lililozinduliwa upande wake wa altare mwaka 1144. Lakini msikiti wa Ibn Tulun kule Kairo ulikamilika mwaka 879, na matao yake yana ncha tayari. Na pwani yetu nayo haikuwa nyuma. Nenda Gedi karibu na Malindi, au Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, utayakuta matao ya ncha yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya yale ya Gedi yana kidato kidogo kileleni, kana kwamba mwashi alitaka ncha ichomoze zaidi ya pale tao lilipomfikisha. Kidato kile hakibebi kitu. Ni mkono wa fundi tu, na mimi nikikitazama nafurahi.

Mihrabu ya Kizimkazi Dimbani, Unguja, ndiyo ninayowaomba mkaione wenyewe. Maandishi yake ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yana mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, lakini kazi ile ya kuchonga imebaki. Wazee wetu walichagua tumbawe la aina laini, linalotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji linachongeka kwa patasi bila taabu, likikaa nje linakuwa gumu. Mtu anayechonga ncha kwenye jiwe la namna hiyo ana muda mfupi wa kufanya kazi safi. Ukichelewa, ncha inamegeka.

Sasa pale ninapokupinga. Ndani ya madirisha ya makanisa ya Ulaya ya zama zile kuna ncha ndogondogo za jiwe zinazochomoza kati ya vipande vya duara, zikatoa maua ya petali tatu au nne. Zile hazibebi uzito wa maana. Ukizivunja zote, dirisha litabaki limesimama. Dhana yako kwamba ncha ni mahali pa nguvu inaangukia hapo. Kwa upande mwingine, kwenye msikiti wa Córdoba kule Hispania, upanuzi wa khalifa al-Hakam wa Pili miaka ya 960, kuna matao yenye meno meno yaliyopishana yakafumwa pamoja, na yanabeba kuba. Kwa hiyo ncha ya mwashi inaweza kuwa kazi, inaweza kuwa pambo, na sura yake peke yake haikuambii ni ipi.

Tabibu wa Meno

Habari zenu. Mimi nipo kwenye kliniki ya kinywa na meno, na ncha za magego naziona kila siku ya kazi.

Chonge lina ncha moja, kazi yake kushika na kurarua. Magego madogo kwa kawaida yana mbili. Gego kubwa la kwanza la juu lina nne, la chini lina tano. Baadhi ya watu wana ya ziada upande wa ndani wa gego la juu, aliyoieleza daktari Carabelli kule Vienna mwaka 1842, na haina madhara. Mgonjwa akiigundua kwa ulimi humjia hofu kwamba kitu kimeota.

Ncha hizi hazipo kwa kukata tu. Ukifunga kinywa, ncha za ndani za magego ya juu zinakaa kwenye mabonde ya magego ya chini, na ncha za nje za chini zinakaa kwenye mabonde ya juu. Hizo ndizo zinazoshika taya mahali pake. Zikivunjika au kusagika sana, mtu anatafuna kwa kuhangaika.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni jinsi zinavyotokea. Jino likiwa bado ndani ya ufizi wa kijusi, kuna vifundo vidogo vya seli ambavyo vyenyewe vinaacha kugawanyika, huku vikitoa ishara za kemikali zinazoamuru seli za jirani ziendelee kugawanyika. Jirani wanakua, wao wamesimama, na tabaka lote linakunjika pale. Kila kifundo kinakuwa ncha. Kazi hii imechunguzwa sana Helsinki, na Irma Thesleff na Jukka Jernvall. Kwa hiyo, Mkuu, ile nukta yako ya tairi inayosimama wakati baiskeli inaendelea, hata kwenye gego ipo: ncha inaanza mahali ambapo ukuaji umesimama.

Kwa wapenda mambo ya kale: mpangilio wa ncha tano zenye mfereji wa herufi Y kati yake, kwenye magego ya chini, ni alama ya ukoo wa sokwe na binadamu. Nyani na tumbili wa Afrika magego yao yana matuta mawili yaliyolala sambamba. Ndiyo maana gego moja likiokotwa kwenye udongo wa Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, mtaalamu anaweza kujua anashika mnyama wa upande gani. Fuvu maarufu la Proconsul, jamaa wa kale wa ukoo huo wa sokwe, alilolipata Mary Leakey mwaka 1948 lilitoka hukohuko.

Mwisho, wazazi nisikilizeni. Gego kubwa la kwanza linaota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wengi wanadhani ni jino la utoto na wanalipuuza. Ni la kudumu. Mifereji kati ya ncha zake ni myembamba kuliko unywele wa mswaki, na huko ndiko tundu huanzia. Mfikishe mtoto kliniki mapema, mifereji hiyo inaweza kuzibwa kwa dawa maalumu kabla haijaoza.

Mama Zawadi

Daktari asante, wa kwangu ana miaka sita na nusu, leo jioni namwangalia kinywani.

Nina swali la moyo. Mdogo wangu alipimwa akaambiwa moja ya vali zake ina vipande viwili badala ya vitatu, na amezaliwa hivyo. Nyumbani tumekuwa na wasiwasi sana. Hivyo vipande ndivyo hizo ncha mnazosema?

Muuguzi wa Wodi ya Moyo

Dada Zawadi, ndivyo. Moyo una vali nne. Ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto ina vipande viwili kwa kawaida, tatu zilizobaki zina vitatu vitatu. Ya mdogo wako bila shaka ni vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini. Kuzaliwa na vipande viwili pale kunatokea kwa mtu mmoja au wawili katika kila 100, kwa hiyo si jambo geni. Wengi wanaishi miaka mingi bila dalili. Linalotakiwa ni kufuatiliwa kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kwa sababu vali ya namna hiyo inaweza kukakamaa au kuvuja mapema kuliko ya wengine, na mshipa mkuu wenyewe unaweza kutanuka. Asikose miadi.

Kila kipande kina umbo la mwezi mchanga, chembamba chini ya milimita moja. Nyuma ya kila kimoja ukuta wa mshipa umefutuka kidogo, na damu inayotoka inazunguka ndani ya mfuko ule. Mzunguko huo unakisukuma kipande kirudi taratibu, hivyo mlango unaanza kufunga kabla damu haijaanza kurudi nyuma. Leonardo da Vinci alichora mizunguko hiyo karibu mwaka 1513. Vipimo vya maabara vilivyothibitisha vilikuja miaka ya 1960 kule Oxford. Kutoka kwenye mifuko miwili kati ya ile mitatu ndipo inapoanzia mishipa inayolisha moyo wenyewe. Mara kama 100,000 kwa siku mlango huo unafunguka na kufunga, na mtu hasikii.

Naomba niongeze lililo karibu na moyo wangu. Wodini kwetu ncha za vali zinazotuletea vijana wengi si za kuzaliwa nazo, ni zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa aina ya streptokoka, hatibiwi, mwili unaanza kupigana hadi na tishu zake, na kingo za vali zinagandana. Pale palipokuwa na vipande viwili vinavyoachana vizuri panabaki tundu jembamba. Wengine tunawagundua wakiwa wajawazito, wakati moyo unadaiwa kazi zaidi. Penisilini kwa wakati inazuia yote haya. Koo la mtoto lenye homa na uvimbe shingoni si la kuachiwa maji ya limau peke yake.

Mwalimu Hisabati

Mleta uzi, nakurudisha darasani. Ncha yako ya baiskeli ni dhaifu kuliko unavyoisema. Paka nukta ndani kidogo ya ukingo, kwenye waya wa gurudumu badala ya tairi, na ncha inayeyuka, unabaki na wimbi laini. Ukienda nje kidogo, kama ule mdomo wa gurudumu la treni unaoshuka chini ya reli, unapata kitanzi, na nukta hiyo kwa muda mfupi inarudi nyuma wakati treni inakwenda mbele. Ncha ipo pale tu nukta inapokuwa kwenye mstari wenyewe wa kugusana. Nywele moja huku au kule, imetoweka.

Ya kikombe ni tofauti kabisa. Hassler Whitney mwaka 1955 alithibitisha kwamba ukitandaza uso laini juu ya uso bapa, mambo ya kudumu yanayoweza kutokea ni mawili tu: mkunjo na ncha. Ya kudumu maana yake ukivuruga kidogo yanasogea, hayafutiki. Chukua kikombe laini cha plastiki, kibonyeze kiwe kama yai. Ncha ya mwanga itahama, itainama, lakini itakuwepo.

Basi kipimo changu si "nini kinajikusanya hapa". Ni hiki: isukume kidogo, inabaki au inafutika?

Mleta uzi

Mwalimu, kipimo chako nakipokea kwa mikono miwili, na kinajibu pingamizi la Mwashi pia. Hebu tukitumie.

Dunia ina uga wa sumaku unaotukinga na upepo wa jua, yaani chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua bila kukoma. Upande wa mchana, mistari ya uga inagawanyika: mingine inafunga kuelekea ikweta, mingine inavutwa nyuma upande wa usiku. Pale inapoachana, karibu na ncha ya kaskazini na ya kusini ya dunia, kuna shimo la umbo la faneli ambapo chembe za jua zinaweza kushuka moja kwa moja hadi angahewa. Sydney Chapman na Vincent Ferraro waliliwazia tangu 1931, na setilaiti zikapita ndani yake zikalithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kule Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, majira ya baridi, jua halichomozi hata saa sita mchana, kwa hiyo watu wanaweza kuona kwa macho anga likiwaka chini ya shimo hilo adhuhuri. Setilaiti nne za Ulaya za Cluster, zilizorushwa mwaka 2000, zilipita humo mara nyingi. Upepo wa jua ukija na sumaku iliyoelekea kusini, shimo linasogea upande wa ikweta. Linasogea, halifutiki. Liko kundi moja na kikombe cha chai.

Kuna pia ncha ambayo huioni kwa macho. Mwanahisabati Mfaransa René Thom, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1972, alionyesha kwamba mfumo unaoongozwa na vitu viwili unaweza kuwa na eneo lenye ncha, na ndani ya eneo hilo una hali mbili za kutulia. Ukiingia, hakuna kinachoonekana. Ukitoka upande wa pili, unaruka ghafla. Christopher Zeeman alitengeneza kifaa cha gurudumu la karatasi ngumu na raba mbili kuonyesha hilo, na unaweza kukitengeneza nyumbani kwa jioni moja. Baadaye yeye na wenzake waliipeleka nadharia hiyo kwenye hasira za mbwa, masoko ya hisa na ghasia za magerezani, na wakakosolewa vikali kwa kulazimisha. Nadhani wakosoaji walikuwa sahihi kuhusu magereza. Kuhusu raba na mihimili ya chuma inayopinda, nadharia iko imara.

Gego, tao na vali vinaangukia wapi? Kwangu, havimo kundi la kikombe. Gego linasagika, tao la jiwe linamegeka, kingo za vali zinagandana, na ncha ikitoka hairudi yenyewe. Inalindwa na mswaki, na chokaa, na penisilini.

Mvuvi wa Pemba

Assalaam aleikum. Mmetaja mwezi mwanzo mkauacha.

Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo mara nyingi unalala kama mashua, pembe zote mbili juu. Jamaa zetu walioko Ulaya wanaushangaa wakija likizo, kwao umesimama ubavu. Nilichosikia kwa watu wa falaki ni kwamba mwezi ukiwa mchanga mno pembe zake zinakuwa fupi. Kweli?

Mleta uzi

Wa aleikum salaam, kaka. Ni kweli, na ni jambo zito kwa wanaoandama mwezi. Kwa jiometri tupu, kutoka ncha hadi ncha mwezi mwandamo unapaswa kuwa nusu duara kamili, digrii 180, hata uwe mwembamba vipi. Lakini kadiri mwezi unavyokuwa karibu na jua angani, pembe zinafupika. Mfaransa André Danjon alizipima miaka ya 1930 akaona kwamba umbali ukifika kama digrii 7, pembe zinakutana katikati na hakuna mwezi wa kuonekana. Pembezoni mwa hilali utepe wa mwanga ni mwembamba na hafifu mno, jicho haliwezi kuutenga na mwanga wa anga.

Zuhura inafanya kinyume. Ikiwa nyembamba, karibu kupita kati yetu na jua, pembe zake zinarefuka kupita nusu duara, kwa sababu ina angahewa nzito inayotawanya mwanga hadi upande wa usiku. Mwezi hauna angahewa ya namna hiyo.

Kwa kipimo cha Mwalimu, pembe hizi nazo si za kundi la kikombe. Hakuna kitu kilichochongoka huko juu. Ni ukingo wa mchana na usiku kwenye tufe, ukitazamwa kwa ubavu.

Mvuvi wa Pemba

Shukrani. Basi na mimi nitoe yangu. Kwenye fukwe zenye mteremko mkali na mchanga wa chengachenga, maji yakitoka unakuta ufuo umekatwakatwa vijighuba vilivyopangana kwa nafasi zinazokaribiana sana, na kati ya kijighuba na kijighuba kuna pembe ya mchanga inayoelekea baharini. Pembe ina mchanga mnene na changarawe, kijighuba kina mchanga laini. Wimbi likija linagawanyika kwenye pembe, linarudi katikati ya kijighuba. Tunaposhusha ngalawa tunapitia kijighuba, maana ndiko maji yanakorudi.

Mwalimu Hisabati

Kaka, hizo pembe zimewashughulisha wataalamu wa bahari. Guza na Inman mwaka 1975 walisema mawimbi yanayosimama kando ya ufuo ndiyo yanayopima nafasi. Werner na Fink mwaka 1993 wakaonyesha kwa kompyuta kwamba hayahitajiki: palipoinuka kidogo maji yanapunguza kasi na kuacha mchanga, palipobonyea yanachota zaidi, na mpangilio unajijenga wenyewe. Ningependa kujua kwako hivi: mkizikanyagakanyaga na kuzisawazisha kwa miguu, maji yajayo yanazirudisha?

Mvuvi wa Pemba

Watoto wanazivunja kila siku wakicheza mpira. Bahari ikiwa na mawimbi ya wastani, baada ya maji kujaa na kutoka zinarudi, ila si lazima palepale. Bahari ikichafuka sana zinafutika zote, tunangoja itulie.

Mwashi wa Pwani

Hapo mmenifungulia kundi la tatu: ncha zinazofutika, kisha zikajijenga tena zenyewe. Nitakwenda na kamera Jumamosi, naweka picha hapahapa.